Kuni Mbichi

Hapa Chiloé mvua haina adabu:
huingia bila hodi, hukaa bila kukaribishwa.
Aliye na kuni kavu mwezi wa saba
ni tajiri kuliko mwenye ng'ombe.
Nasema haya, Bwana, ingawa wayajua,
ili tuelewane nilikuwa nabeba nini
kila nilipokwenda kwa Baudilio.

Baudilio Cárcamo alihamisha uzio usiku.
Hatua nne, si zaidi,
akameza mitufaha mitatu ya marehemu baba.
Asubuhi alinisalimu kama mtu aliyelala vizuri.
Mwaka uleule mgongo ukamkatalia,
shoka lake likalala mlangoni likila kutu,
na padri, anayetufikia mara moja kwa mwaka
akiwa kijani kwa kichefuchefu cha boti,
akasoma palepale penye kidonda: mpende adui.
Akafunga kitabu. Maji yalipojaa akaondoka.
Sisi tukabaki na neno.

Safari ya kwanza nilikwenda kwa hofu.
Mama alinilea kwa jehanamu
kama wengine wanavyolelewa kwa uji.
Nikamwaga mzigo kizingitini, nikakimbia
kama anayelipa kodi siku ya mwisho.

Ya pili nilipita mbele ya kanisa,
ingawa njia ya nyuma ndiyo fupi,
Jumapili, watu wakitoka.
Eduvina Mansilla akasema, "Tazameni moyo wa Remigia."
Wakatazama. Nikapunguza mwendo.
Mzigo siku ile ulikuwa unyoya:
nilikwisha lipwa kabla sijafika.

Ya tatu (hii nilimficha hata padri)
nilikwenda kwa ajili ya yale makaa,
kwamba ukimtendea mema mbaya wako
unampalia moto kichwani.
Nikachagua tepú, mti unaowaka kwa hasira.
Nikasimama nikiutazama upara wake,
nikingoja moshi.
Akasema tu, "Ahsante, jirani. Miguu yako imelowa."

Baadaye tuliwekeana mkataba, mimi nawe.
Angalau mimi niliuweka; wewe ulinyamaza,
nikauhesabu ukimya wako kuwa sahihi.
Mimi kuni. Wewe Olegario wangu,
arudi mzima kutoka migodi ya kaskazini.

Ilirudi saa yake ya mkononi.
Ilikuwa bado inatembea.

Juma lile sikubeba kitu.
Niliketi na saa ile mapajani, nikakuuliza:
utanitisha na nini tena?
Utanilipa kwa sarafu gani?
Na nani ananiona, mvua imeziba madirisha yote?

Siku ya tisa, bomba la Baudilio halikutoa moshi.

Sikuikumbuka amri. Nakuambia ukweli.
Bega lilijua mahali pa kamba,
miguu ilijua utelezi wa kijito;
nilikuwa nimefika katikati ya shamba
ndipo nikakumbuka kwamba namchukia.
Nikasimama kidogo nalo lile chuki,
tukatazamana,
kisha nikaona kuni zinazidi kulowa
nikaendelea.

Alikuwa kitandani na koti na kofia.
Nilipiga magoti mbele ya jiko, nikapuliza.
Kuni mbichi hazina heshima: hulia,
hutoa povu kwenye ncha, hukujaza moshi
hadi watu wawili wasiopatana
wanafutana machozi wasijue ya nini.
Unadhani zimezima. Unapuliza.
Unadhani tena.
Halafu, sijui ni pumzi ya ngapi,
kitu ndani kinakubali.

Hakuomba radhi. Aliniuliza jina la mwanangu
akalitamka mara mbili, polepole,
akanisogezea kiti chenye miguu mizima.

Usinihesabie siku ile peke yake, Bwana.
Kesho huenda nikapita tena mbele ya kanisa.
Hofu ya mama ingali inabisha usiku,
na mkataba ule sijauchana, nimeukunja tu.
Lakini ikiwa huchukui ila kuni kavu,
kisiwa hiki chote kitakufa kwa baridi, nawe pamoja nasi.

Uzio uko palepale.
Nikirudi chini ya mitufaha ya baba
bado nahesabu: moja, mbili, tatu,
nne.